Hilux ya Nahodha na cheche zilizokuwa zikififia alfajiri

Nahodha alinijia gereji akiwa na pesa mkononi na jibu tayari kichwani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajakaa akasema: "Mwanangu, nifungie koili kubwa, zile za magari ya mashindano. Hii Hilux haivuti tena." Koili, kile kifaa kinachopandisha volti ya betri ili plagi itoe cheche, alikuwa ameshaiulizia bei, shilingi 160,000, na kijana mmoja wa Ngamiani amemhakikishia kwamba ikifungwa tu, gari litapanda na boti kama halina kitu nyuma. Nikamwomba anipe siku mbili kabla hajanunua chochote. Hakufurahi, lakini alikubali.

Gari lenyewe ni Hilux ya petroli, injini ya 22R, silinda nne, cc 2,366, kabureta, na distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) ya kontakti pointi, yaani vijiswichi vinavyofunga na kukata umeme wa koili. Pikapu nyingi zinazovuta matela hapa Tanga ni za dizeli, hizo hazina plagi za cheche wala koili na maneno haya hayazihusu. Nahodha hataki dizeli. Kazi yake ni kuhamisha boti za faiba za watu: anazitoa pwani Sahare au Raskazone, anazipeleka kwa fundi faiba, nyingine anazishusha Kigombe au Pangani. Boti, mashine yake na tela lenyewe vinafika kama kilo 900.

Malalamiko aliyaeleza vizuri, na nasisitiza hili kwa sababu nusu ya kazi ya fundi umeme ni kumsikiliza dereva mpaka mwisho. Gari likiwa tupu linakimbia bila shida. Likifungwa tela, gia ya tatu, ukikanyaga mafuta zaidi ya nusu linaanza kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka, linashtukashtuka, eksozi inapiga baruti, mpaka uachie pedeli. Kwenye mwinuko, gia ya nne, injini inagonga. Mafundi wawili walishaosha kabureta. Chujio la petroli lilikuwa jipya na pampu ya mafuta ilishabadilishwa. Akaongeza neno moja alilolisema kama la kupita tu: "Alfajiri ndiyo inanisumbua zaidi. Jua likishatoka, inapata nafuu. Umande huo."

Alfajiri ya Tanga haina baridi ya kuitisha injini. Niliandika neno lake kwenye daftari bila kujua nitalifanyia nini.

Kabla ya kuendelea, ni vizuri kueleza kwa nini moto wa plagi hufa gari likivuta na si likiwa tupu, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Cheche inaruka kwenye nafasi ndogo kati ya ncha mbili za plagi. Hewa iliyobanwa ni ngumu kwa umeme kupita, na kadiri ilivyobanwa zaidi ndivyo volti inayotakiwa inavyopanda. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kabureta imefunga mlango, silinda inavuta hewa kidogo, mbano ni mdogo na cheche inaruka kirahisi. Ukiwa na boti nyuma umekanyaga mafuta mpaka chini, silinda inajaa hewa na petroli, na wakati cheche inapotakiwa mbano ni mkubwa sana. Volti inayohitajika inaweza kufika mara mbili au zaidi ya ile ya sailensa. Kila udhaifu uliojificha, kama waya wa plagi uliopasuka, plagi iliyolika au koili inayokosa umeme wa kutosha, unajitokeza hapo.

Koili nayo haitoi kilovolti 40 kwa kuwa karatasi ya boksi imeandikwa hivyo. Volti inapanda mpaka pale cheche inaporuka, basi, haiendi zaidi. Kama plagi inahitaji kilovolti 15, koili ya kawaida na koili ya mashindano zote zitatoa 15. Tofauti ipo kwenye akiba iliyobaki. Akiba ya koili inatokana na mkondo unaopita ndani yake wakati kontakti zimefungwa, na nishati hiyo huenda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Volti ikishuka ikabaki robo tatu, mkondo unabaki robo tatu, lakini nishati ya cheche inabaki asilimia 56 tu. Kwa hiyo swali la kwanza haliwi koili ni kubwa kiasi gani. Koili hii inapata volti ngapi?

Siku ya kwanza nilianza na mbano wa silinda, maana kama injini imechoka hakuna koili itakayoiponya. Zote nne zilikuwa kati ya 150 na 160 kwa geji ya psi. Injini nzima. Nikawasha ufunguo bila kuwasha injini, kontakti zimefungwa, nikaweka mita. Betri ilisoma volti 12.5, na kwenye nguzo chanya ya koili 11.3. Volti 1.2 zimepotea njiani, kwenye swichi ya ufunguo, soketi na waya ambao umri wake unalingana na wa gari. Si nzuri, lakini gari la namna hiyo lilipaswa kuvuta. Nilikagua pia kama kuna rezista au waya wa upinzani kabla ya koili, kama zilivyo koili nyingine za kontakti. Haukuwepo. Koili yake ilikuwa ya oomu 3, ya kupokea umeme wa betri moja kwa moja.

Hapo nilikaribia kumwambia anunue nyaya na plagi, aende zake. Lile neno la alfajiri likanizuia.

Kesho yake nikamfuata Sahare saa kumi na moja, giza bado. Ilikuwa siku za bamvua, maji yamejaa, boti imeletwa karibu, vijana wanaisukuma juu ya tela. Nahodha akachomeka waya wa tela, akawasha taa. Taa za nyuma zikawaka, na ikawaka taa nyingine ambayo sikuwa nimeiona mchana ule gereji: taa ya wati 55, imefungwa kwenye fremu ya tela, inaimulika boti. Anaiwasha wakati wa kupakia na anaiacha njia nzima mpaka kupambazuke, ili wanaokuja nyuma waione boti ilivyojitokeza. Sababu nzuri kabisa. Nikafungua boneti, mita kwenye koili, kontakti zimefungwa: volti 9.7.

Nikamwomba azime taa. Mita ikapanda. Awashe. Ikashuka.

Aliyefunga soketi ya tela alichukua umeme kwenye waya wa koili. Namuelewa. Alitaka waya unaokufa ufunguo ukizimwa, ili tela lisimalize betri usiku, na ule ndio ulikuwa karibu. Lakini waya uleule mwembamba, uliokuwa unachukua ampea 4 hivi za koili, sasa ulibeba na ampea nyingine tano na ushee za taa. Volti 9.7 kwa 12.5 maana yake koili ilikuwa inajaza asilimia 60 tu ya nishati yake, tena saa ileile injini inadai cheche kali kuliko zote. Mchana, taa zimezimwa, inarudi kwenye asilimia 82, gari linapata nafuu. Umande haukuhusika.

Hili ndilo ninalotaka fundi kijana alishike hata kama atasahau mengine yote ya kisa hiki: gari linalolalamika likivuta tela lipimwe likiwa na tela lake, soketi imechomekwa, taa zinawaka. Nililipima gereji likiwa tupu, na lilinijibu kuhusu gari tupu.

Kazi ya kwanza ikawa kulipa koili njia yake. Nilifunga rilei ya kawaida ya miguu minne, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Mguu wa 30 unapata umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita mraba 2.5. Mguu wa 87 unakwenda koili. Ule waya wa zamani wa ufunguo haubebi tena mzigo wowote, unaamsha rilei tu kupitia 86, na 85 imekwenda bodi, yaani kwenye chuma cha gari kinachorudisha umeme betri. Taa za tela nikazitengea rilei yake na fyuzi yake. Kisha nikafungua waya wa bodi kati ya injini na chesisi. Kwa gari linaloingiza matairi ya nyuma baharini mara tatu kwa wiki, nilitarajia kutu, lakini si kiasi kile: bolti ilikuwa imevaa unga wa kijani na nyuzi nusu zimekatika. Nikaweka mpya, nikapaka grisi juu. Mita ikasoma 12.3 kwenye koili, taa za tela zikiwa zinawaka. Asilimia 97. Vifaa vyote havikufika shilingi 50,000. (Kama gari lako lina rezista kabla ya koili, usiiruke kwa rilei, koili ya namna hiyo ikipata umeme kamili itaunguza kontakti.)

Tulikubaliana kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kujaribu njia ileile, boti ileile, kutoka Raskazone mpaka Pongwe na kurudi. Ni jambo linalochosha na linakula petroli ya watu, na mafundi wengi hatulifanyi. Lakini ukifunga vitu sita kwa siku moja, hutajua kamwe kipi kilikuponya. Safari ya kwanza baada ya rilei, baruti za eksozi ziliisha. Kumisi kukabaki, sasa mpaka akanyage karibu na mwisho.

Usiku tukazima taa za gereji, boneti wazi, injini inanguruma, nikanyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa ya mimea. Waya wa silinda ya tatu ukawaka cheche za buluu pembeni, zikirukia kwenye chuma. Nikaupima: oomu 60,000. Toyota wanataka waya mmoja usizidi 25,000. Plagi zake zilikuwa na nafasi ya milimita 1.2, ncha zimelika mpaka zimekuwa mviringo, na ya tatu nyeusi na mbichi kwa petroli. Nikaweka nyaya mpya, kifuniko cha distributa na rota inayozunguka ndani yake, na plagi mpya NGK BPR5EY, nafasi milimita 0.8.

Kwenye plagi nina mawili ya kusema. Wengi husema ukivuta tela weka plagi ya baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, ili ncha isiwe kaa la moto linalowasha petroli kabla ya wakati. Ni kweli kwa anayevuta mzigo mzito safari ndefu za kupanda. Kwa NGK ungetoka namba 5 kwenda 6, kwa Denso 16 kwenda 20. Bosch wao huhesabu kinyume, namba ikipanda plagi ni ya joto zaidi, na nimeona watu wakiharibu injini kwa kutojua hilo. Mimi sikumwekea Nahodha ya baridi. Safari zake ni fupi, na nusu ya siku gari linazunguka mjini tupu. Plagi ya baridi ingejaa masizi. Baada ya wiki ya kuvuta nilizitoa, zilikuwa rangi ya kahawia hafifu, hazina malengelenge wala chembe za chuma. Zikarudi zilezile. Jingine ni nafasi. Kijana wa Ngamiani alishauri ipanuliwe ifike 1.1 ili cheche iwe ndefu. Gari lenye mzigo halihitaji hilo. Nafasi pana inadai volti zaidi palepale ambapo akiba ni ndogo.

Safari ya pili, kumisi kukaisha kabisa. Nahodha alishuka Pongwe akanishika mkono hakuuachia. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini injini ilikuwa bado inagonga mwinukoni, na nguvu haikuwa ya kuniridhisha. Nikafunga taa ya taimingi, inayoonyesha cheche inatoka wakati gani. Kwenye sailensa alama ilikuwa mbele sana kuliko kiwanda kinavyotaka, na nilipoongeza mzunguko mpaka 2,500 alama haikusogea ila kidogo. Nikafungua distributa. Vile vyuma vinavyotanuka kwa mwendo ili kuwahisha cheche vilikuwa vimeshikwa na kutu. Fundi mmoja huko nyuma aliona gari ni zito, akazungusha distributa nzima mbele kufidia. Matokeo yake cheche ilikuwa inawahi mno mzunguko ukiwa mdogo, ndipo injini ikagonga, na inachelewa mzunguko ukipanda, ndipo ikakosa nguvu. Shafti nayo ilicheza kwa kidole. Shafti ikicheza, kontakti zinafunguka mapema silinda hii na kuchelewa silinda ile; kwenye mzunguko wa 3,000 injini ya silinda nne inadai cheche 100 kila sekunde, na kila moja ilikuwa inakuja wakati wake yenyewe.

Hapa ndipo niliposhauri pesa itumike. Badala ya koili ya mashindano juu ya distributa mbovu, tuliagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam, distributa mtumba ya 22R isiyo na kontakti, ikiwa na ignaita (kifaa cha elektroniki kinachokata umeme wa koili badala ya kontakti) na koili yake, seti moja kutoka gari moja. Shilingi 180,000. Hilo la seti ni muhimu. Koili ya ignaita ina upinzani mdogo sana. Ukiifunga kwenye kontakti inazichoma, na ukifunga koili ya kontakti kwenye ignaita unapoteza faida yote. Kabla ya kuifunga niliivuta shafti, haikucheza. Nikazungusha rota kwa mkono, ikarudi yenyewe kwa springi. Nafasi kati ya meno na kisomaji chake nikaipima kwa filagechi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ilikuwa 0.3, ndani ya 0.2 mpaka 0.4 inayotakiwa. Anayefunga mara ya kwanza akumbuke kwamba gia yake imekatwa mshazari: ukiingiza distributa, rota inajizungusha kidogo inapokaa, kwa hiyo anza nyuma ya alama ili iishie kwenye alama.

Hapo nilikosea. Injini ilikuwa tamu kwa namba ya kiwanda, iliyoandikwa kwenye karatasi chini ya boneti, nami nikaiwahisha cheche kwa nyuzi 3 zaidi ili Nahodha apate nguvu zaidi ya kutolea boti mchangani. Gari tupu likafurahisha. Likiwa na boti, kwenye kipando kabla ya Pongwe, gia ya nne, nikasikia kokoto ndani ya kopo. Huko kugonga ni petroli iliyobaki silindani kujilipukia yenyewe kabla mwali haujaifikia, na kila mlipuko unaipiga pistoni kichwani. Gari lisilo na mzigo linaweza kugonga sekunde mbili likanyamaza. Linalovuta tela linagonga kilima kizima, na hivyo ndivyo ringi zinavyovunjika na gasketi ya silinda hedi inavyopasuka. Nikalisimamisha palepale pembeni, nikarudisha kwenye namba ya kiwanda. Kugonga kukaisha. Sikuongeza tena.

Jumla, gari lililokuwa linakwama kwenye kilomita 40 kwa saa gia ya tatu likapanda kipando kilekile kwa 55, boti ileile, bila kushtuka. Nilimweleza Nahodha wazi kwamba sijamwongezea nguvu hata moja juu ya ile iliyotoka kiwandani. Injini yake ilikuwa inanyang'anywa, nasi tumeirudishia. Mtu mwenye 22R nzima, moto wake mzuri, akibadilisha koili na ignaita hatavuta boti kubwa zaidi. Atakachopata ni kuwaka vizuri alfajiri na kuepukana na kazi ya kurekebisha kontakti kila mara.

Yapo ambayo moto wa plagi hauyagusi, na tuliyazungumza kwa kirefu kuliko alivyotaka. Tela lake halina breki. Kilo 900 zikikusukuma kutoka nyuma kwenye mteremko, injini nzuri haikusaidii, na sasa gari linakwenda kasi zaidi kuliko mwezi uliopita. Ameahidi kufunga breki za tela. Nitaendelea kumkumbusha kila nikimwona. Na beringi za tela: anafika pwani magurudumu ya moto, anarudisha tela moja kwa moja majini. Kitovu cha gurudumu chenye joto kikiingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Sasa anasubiri dakika kama 20, anakunywa kahawa kwanza.

Alirudi mwanzoni mwa kusi. Gari lilikuwa linakata moto ghafla na kurudi, na moyo wangu ulishtuka. Ilikuwa rilei yangu. Nilikuwa nimeifunga chini, karibu na betri, mahali panapofika maji yanayorushwa na tairi la mbele, na miguu yake ilikuwa imeanza kuota kijani. Nikaweka mpya, nikaihamishia juu kwenye ukuta wa nyuma wa boneti, miguu ikitazama chini ili maji yasikae, nikazifunga soketi zote kwa grisi. Sikumtoza. Mita kwenye koili, taa za tela zinawaka: 12.3.